Moto uliofifia Tukuyu: shajara ya mtambo wa biogesi wa mama lishe

28 Mei

Mama mwenyekiti amenipigia simu saa kumi na moja alfajiri. "Fundi, shikamoo baadaye, njoo kwanza uone mwenyewe. Moto unaruka." Nimefika na ukungu ungali umelala barabarani. Sufuria ya maharage iko jikoni, mwali umepauka, unainuka juu ya matundu ya jiko kama unataka kuondoka, kisha unazimika. Ukiwasha tena unarudia hivyo hivyo. Gesi nzuri hutoa mwali mfupi wa bluu uliokaa juu ya tundu kama umeshonwa. Huu wa leo ni wa gesi yenye kabonidayoksaidi nyingi na methani kidogo.

Jumla ya leo ni saa moja na nusu ya moto. Mwezi Machi walikuwa wanapika saa tano na zaidi. Kina mama wametuma kijana akanunue gunia la mkaa, na gunia hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika humu kila nikija.

Maelezo ya mtambo, kwa atakayesoma baadaye: ni wa kuba, mita za ujazo 13, ramani ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, ile iliyosambaa na mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulioanza 2009. Nimeujenga kwa mikono yangu. Tope linalokaa ndani ni kama lita 10,000. Kila siku tunaingiza ndoo 5 za kilo kumi kumi na maji lita 50, kwa hiyo lita 100 zinaingia na lita 100 zinatoka upande wa pili. Jiko ni la kikundi cha mama lishe 14 karibu na soko.

Hadi Januari, nusu ya chakula cha mtambo ilikuwa kinyesi cha ng'ombe wa babu jirani. Nusu nyingine ni maganda ya ndizi, maganda ya viazi, mabaki ya sahani, na maparachichi yaliyokataliwa kwenye kufungasha. Mwishoni mwa Januari babu aliuza ng'ombe wake wote akalipe ada ya wajukuu. Tukakaa kikao. Mimi ndiye niliyewaambia taka za soko peke yake zinatosha, kwa sababu kinyesi ni chakula ambacho ng'ombe ameshakinyonya, ilhali maganda bado yana nguvu zake zote. Kuanzia tarehe 3 Februari hatujaweka kinyesi hata ndoo moja. Na kweli, Februari na Machi gesi iliongezeka.

29 Mei

Nimechota tope kwenye chemba ya kutolea. Harufu si ile ya zizi niliyoizoea, imekaa kama maziwa yaliyolala siku tatu, inachoma puani. Karatasi ya kupimia imeonyesha pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, kati ya 6.2 na 6.5. Mtambo wenye afya unakaa karibu na 7, juu kidogo au chini kidogo. Nimeagiza wasiulishe mtambo chochote hadi nitakaposema. Mama mmoja ameuliza maganda ya leo yaende wapi. Yaende shambani.

1 Juni

Kila mtu ana mtuhumiwa wake. Kina mama wanasema ni baridi, na wana haki: Juni ndiyo inaingia, usiku hapa unakata masikio, na vijidudu vya kwenye mtambo havipendi baridi. Nimeshusha kipimajoto cha vifaranga kwa kamba ndani ya chemba, kikasoma nyuzi 20. Mwaka jana mwezi huu huu hesabu zangu zinaonyesha 20 pia, na moto uliwaka zaidi ya saa nne kwa siku. Baridi inapunguza kasi, lakini mwaka jana haikuleta asidi.

Fundi mwenzangu kutoka Kyela, niliyemwelezea kwa simu, anasema ni mafuta ya maparachichi. Hilo nalo lina uzito. Mafuta yakivunjika yanatoa asidi ndefu zinazowagandia vijidudu na kuwazuia kula. Lakini maparachichi tulikuwa tunaweka tangu mwaka juzi, kiasi kile kile, na mtambo ulikuwa unayala.

4 Juni

Nimekwenda na chupa mbili za tope kwa mwalimu wa kemia wa sekondari. Nilimkuta anapanga bika na bureti, mrija wa kioo wenye alama za vipimo, kwa ajili ya kidato cha nne, akaacha akanisikiliza. Tumefanya kipimo cha asidi dhidi ya uwezo wa tope kuihimili: unadondosha asidi ya salfa iliyozimuliwa hadi pH ifike 5, unasoma bureti, unaendelea hadi 4.4, unasoma tena, halafu unafanya hesabu. Mtambo mzuri huwa karibu na 0.3. Ukipita 0.4 au 0.5 unaanza kuangalia nyuma. Wetu umetoka 1.1.

Maana yake, kwenye tanki kuna makundi mawili ya wafanyakazi na kundi moja limegoma. La kwanza linavunja maganda na kutoa asidi: asidi ya siki, asidi ya propioniki na ndugu zake. La pili linazichukua asidi hizo na kuzigeuza methani. La kwanza bado linafanya kazi vizuri mno. La pili limelala, na asidi zinarundikana mlangoni kwake.

Mwalimu ameuliza swali ambalo limenikaa kichwani njia nzima ya kurudi: "Mliacha kinyesi Februari. Kwa nini ugonjwa uje Mei?"

6 Juni

Nimepita kumjulia hali babu. Zizi lake liko tupu, limefagiliwa, lakini kwenye kibao cha ukuta bado kuna pakiti ya unga wa madini aliokuwa anawalambisha ng'ombe, imekunjwa mdomo na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Nikamwuliza kwa nini ameitunza. Akasema atanunua mtamba Mungu akijalia. Kisha akaniambia hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Ng'ombe asiyelamba, mwanangu, anakonda huku hori limejaa majani. Anayatazama tu."

Nikaifungua pakiti nikasoma mgongoni. Kobalti. Seleniamu. Manganizi. Zinki. Shaba. Chuma. Iodini. Nimesimama pale nikiwa nimeishika kwa muda, hadi babu akaniuliza kama naumwa.

Tumbo la ng'ombe ni mtambo wa biogesi. Nimewaambia wateja maneno hayo mara mia, kuwaelezea tu kinachotokea ndani ya kuba. Sikuwahi kuyafuata hadi mwisho. Ng'ombe anahitaji kobalti kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake vinaitumia kutengeneza vitamini B12, ambayo katikati yake kuna chembe moja ya kobalti. Kiasi chenyewe ni kidogo sana, kama miligramu 0.1 kwenye kilo nzima ya chakula kikavu. Kikikosekana, majani hayamfai kitu. Kenya, upande wa Nakuru, ng'ombe waliwahi kudhoofika hivyo kwenye malisho yaliyoonekana mazuri, hadi ugonjwa ukapewa jina la mji, na chanzo chake kilikuwa ardhi ya volkano isiyo na kobalti ya kutosha.

Na vijidudu vya methani kwenye tanki letu vinahitaji B12 ya aina yao pia. Juu ya hapo vinahitaji nikeli. Hatua ya mwisho kabisa ya kutengeneza methani inafanywa na kimeng'enya, protini inayoendesha kazi hiyo, kilichobeba kitu kinachoitwa F430, rangi ya manjano yenye chembe ya nikeli katikati. Namba 430 inatokana na mwanga kinaoumeza, nanomita 430. Nikeli hiyo iligunduliwa ndani yake miaka ya kuelekea 1980. Hakuna methani ya vijidudu hawa inayotoka bila kupita mikononi mwa nikeli. Chuma kinahitajika kwa wingi kuliko vyote. Molibdenamu, seleniamu na tangsteni hutumika kwenye vimeng'enya vinavyoshughulika na hidrojeni na fomati (chumvi ya asidi ya fomiki), njia ambayo asidi ya propioniki inaitegemea ili ivunjike.

Kinyesi cha babu kilikuwa kinaleta vyote hivyo kila siku. Alikuwa anawalambisha ng'ombe, na ng'ombe hufyonza sehemu ndogo tu ya madini hayo, kinachobaki kinatoka nyuma. Mimi nilikuwa nakihesabu kinyesi kama chakula dhaifu.

7 Juni

Swali la mwalimu lina jibu na jibu ni la hesabu. Lita 100 zinatoka kila siku kwenye lita 10,000, yaani sehemu moja ya mia. Kilichoacha kuingia tarehe 3 Februari hakikuisha siku ile, kilikuwa kinasukumwa nje asilimia moja ya kilichobaki, kila siku. Baada ya siku 50 imebaki kama asilimia 60. Baada ya siku 100, asilimia 37. Hadi 28 Mei ni siku 114, na iliyobaki ni asilimia 32.

Ndiyo maana Februari na Machi gesi ilipanda. Tulikuwa tunawalisha maganda yenye nguvu huku wakila akiba ya madini ya zamani. Akiba ilipofika chini, baridi nayo ikawa imefika, na macho yote yakaenda kwenye baridi. Ningekuwa nimebadilisha chakula leo na moto ukazima kesho, ningejua papo hapo.

Lakini hesabu haijathibitisha kitu. Inawezekana kinyesi kilikuwa kinaleta vijidudu vipya, siyo madini. Inawezekana kilikuwa kinapunguza makali ya asidi tu, kama chokaa. Lazima nizitenganishe hizo.

9 Juni

Chupa 12 za kioo za lita moja, kila moja na mililita 600 za tope bovu la mtambo wetu. Vizibo vya mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, mrija mwembamba, na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyopinduliwa kwenye beseni ili gesi isukume maji nami nisome kiasi. Zote ziko ndani ya sanduku la mbao lenye maranda, nyuma ya ukuta wa jiko la mkaa. Joto ni nyuzi 29 hadi 31. Kama tatizo ni baridi peke yake, zote zitapona humo.

Chupa mbili mbili:

A, haziongezwi kitu.
B, chokaa kidogo hadi pH ifike 7.
C, gramu 10 za kinyesi kibichi, kutoka kwa jirani mwingine anayefuga.
D, gramu 10 za kinyesi hicho hicho kilichochemshwa saa nzima kwenye sufuria ya presha. Vijidudu vya methani vitakuwa vimekufa, madini yatakuwepo.
E, matone ya kobalti, nikeli, molibdenamu na chuma.
F, matone hayo hayo pamoja na chembe ya unga wa madini wa babu, kwa ajili ya seleniamu.

C, D, E na F nazo zimewekwa chokaa kama B, ili nisije nikasifia madini kwa kazi ya chokaa.

Matone ameyatengeneza mwalimu. Kobalti kloridi alikuwa nayo, ndiyo inayotumika shuleni kuonyesha uwepo wa maji. Nikeli salfeti ilikuwa kidogo chini ya kopo la zamani. Tunazungumzia miligramu 0.2 ya kobalti na 0.5 ya nikeli kwa lita ya tope, kiasi ambacho hakuna mzani wa dukani utakaokipima, kwa hiyo amezimua gramu moja kwenye lita, akachukua mililita kumi za hiyo akazimua tena. Alivaa glavu na kunivalisha mimi. Chumvi za nikeli na kobalti ni sumu, vumbi la nikeli linahusishwa na saratani, na sikutaka kabisa zikae karibu na jiko la chakula. Zilibaki maabara. Nilichobeba ni chupa ndogo iliyokwisha zimuliwa, na imetumika yote.

Kila baada ya siku moja kila chupa inapata kijiko cha maganda ya viazi yaliyosagwa pamoja na nyama ya parachichi. Parachichi nimeliweka makusudi. Kama mafuta ndiyo mkosaji, hakuna chupa itakayopona.

13 Juni

Hakuna tofauti. Mama mwenyekiti ananiuliza kila asubuhi, nami sina la kumwambia. Gunia la pili la mkaa limeingia.

19 Juni

C imeanza. Asubuhi nimekuta chupa yake iliyopinduliwa imeshuka maji hadi nusu. D inaifuata kwa karibu. Nimekaa chini kwenye kigoda nikizitazama, mapovu yanapanda moja moja kwenye beseni, tup, tup, kama matone ya mvua yanayorudi juu. Kwa A hakuna kitu.

27 Juni

Gesi ya wiki ya mwisho, wastani wa chupa mbili:

A mililita 160. B 290. C 1,080. D 970. E 690. F 900.

Nimechukua gesi ya D kwenye bomba la sindano na kuipitisha kwenye maji ya kostiki soda yanayomeza kabonidayoksaidi. Zaidi ya nusu imebaki. Ni methani.

Ninavyosoma matokeo: A iko kwenye joto la nyuzi 30 na haijapona, kwa hiyo si baridi peke yake. Zote zimekula parachichi, kwa hiyo si mafuta peke yake. B inaonyesha chokaa inasaidia kidogo, inatuliza asidi lakini haiwaamshi waliolala. D ndiyo chupa iliyonipa usingizi. Kinyesi kilichochemshwa kimefanya karibu sawa na kibichi, na gramu 10 za kinyesi zenyewe haziwezi kutoa gesi yote hiyo wiki ya tatu. Vijidudu tulikuwa navyo muda wote. Vilikuwa na njaa ya kitu kingine.

E na F ziko karibu na D lakini hazijaifikia. Kinyesi kina vitu vingi kuliko matone yangu manne. Tofauti ya E na F ningependa kusema ni seleniamu, lakini unga wa babu una manganizi na zinki na vinginevyo, kwa hiyo nisiseme.

Kuhusu seleniamu kuna jambo la kuangalia sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliandika 2012 kuhusu mitambo inayolishwa mabaki ya chakula peke yake, iliyokuwa inakufa kwa kurundika asidi ya propioniki, wakaonyesha kuwa kobalti na seleniamu ndizo zilizoiponya: miligramu 0.22 na 0.16 kwa kilo ya chakula kibichi. Lakini mabaki yao yalikuwa na protini nyingi, na protini ikivunjika inatoa amonia nyingi. Amonia ikizidi, vijidudu vinavyokula asidi ya siki moja kwa moja vinashindwa, kazi inahamia kwa vijidudu vinavyotengeneza methani kwa hidrojeni, na hapo ndipo seleniamu inapokuwa ya lazima. Sisi tunalisha maganda. Amonia yetu ni ndogo. Nikinakili dawa yao kama ilivyo, nitakuwa natibu ugonjwa wa mtu mwingine. Tena seleniamu yenyewe ikizidi kidogo tu inageuka sumu kwa vijidudu hivyo hivyo, sembuse kwa watu.

28 Juni

Kikao cha kikundi. Nimewaeleza kwa chupa zenyewe, nimezipanga mezani. Mama mmoja akachukua A kwa mkono huu na D kwa mkono huu, akazipima kama anavyopima nyanya, akasema, "Kwa hiyo hawa tulikuwa tunawapa ugali bila mboga." Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Wapo waliopendekeza tununue madini. Nimekataa, na nimetoa sababu zangu. Chumvi za nikeli hazikai kwenye pakiti ya mifugo, inabidi uagize, uzimue, uzifungie kabatini, na siku moja mtu atakosea kipimo. Ukikosea juu umeua mtambo, na tope linalotoka linakwenda kwenye migomba na kahawa za watu. Unga wa mifugo nao una shaba na zinki nyingi, metali ambazo zikizidi zinawaumiza vijidudu vyenyewe. Kinyesi kinabeba madini kwa kiasi ambacho mwili wa ng'ombe umeshakipima.

Mwingine akapendekeza tuweke udongo wa hapa, kwa kuwa wilaya yetu ya Rungwe ni ardhi ya volkano na kila kitu kinaota. Nilikuwa na wazo hilo hilo wiki mbili zilizopita. Lakini ng'ombe wa Nakuru nao walisimama juu ya udongo wa volkano. Zaidi ya hapo udongo utatulia chini ya kuba na kutupunguzia nafasi kila mwezi, na kuuondoa ni kufungua mtambo mzima.

30 Juni

Machinjioni alfajiri. Nimepewa bure madebe manne ya nyasi za tumboni, zile zinazotolewa ng'ombe akipasuliwa, bado za moto, zinafuka mvuke kwenye baridi. Humo kuna madini na vijidudu hai kwa pamoja. Nimezichanganya na maji ya vuguvugu, nikazimimina polepole kwenye chemba ya kuingizia. Hakuna maganda. Chokaa ndoo moja ndogo, iliyokorogwa vizuri kwanza.

8 Julai

pH 6.7. Kipimo cha mwalimu 0.8. Moto dakika 50, lakini mwali umekaa kwenye jiko, hauruki. Naendelea na kinyesi ndoo moja kwa siku, maganda bado hapana. Kina mama wanataka waanze kulisha, maana maganda yanarundikana na nzi wameanza. Nimewaomba siku kumi zaidi.

14 Julai

Harufu ya mayai yaliyooza jikoni. Gesi ya salfaidi imeongezeka tangu tuweke nyasi za tumboni. Nimebadilisha pamba ya chuma kwenye chujio la bomba, ile ya zamani ilikuwa imegeuka nyeusi na kukatika ukiigusa. Na hapa kuna jambo ambalo sikulijali zamani: salfaidi ikiwa nyingi ndani ya tope inakamata nikeli na kobalti na kuzigandisha, zinabaki tankini lakini vijidudu havizipati kwa urahisi. Chuma kingi ndani ya tope kinaikamata salfaidi kabla haijazifikia hizo. Hivyo chuma kinalisha na pia kinalinda wenzake. Udongo mwekundu ungesaidia hilo, lakini nimeshasema kuhusu udongo. Nimetupia misumari yenye kutu kwenye mfuko wa chandarua, nimeufunga kwa kamba kwenye chemba ili niweze kuutoa.

18 Julai

Maganda ndoo moja, kinyesi ndoo moja.

26 Julai

Maganda mbili, kinyesi mbili. Kipimo 0.5. Moto saa mbili na nusu.

9 Agosti

Kipimo 0.35, pH 7.0. Moto saa tatu na dakika arobaini, kwenye baridi hii hii. Leo hawakuwasha mkaa kabisa.

Tumekaa na kaya mbili za jirani zenye ng'ombe wawili wawili wa ndani. Makubaliano: wao wanatupa ndoo mbili za kinyesi kila asubuhi, sisi tunawarudishia tope la mtambo kwa ajili ya migomba yao. Mzee mmoja alisita, akasema ataambulia maji. Nikampeleka kwa mama anayelitumia kwenye kahawa, wakazungumza kwa Kinyakyusa muda mrefu nikiwa nimesimama pembeni, akarudi akasema sawa.

Kuhusu ndoo ngapi, kina mama walitaka moja kati ya tano ili maganda yao yasikose pa kwenda. Nimepiga hesabu mbele yao. Zamani tulikuwa na nusu, ndoo mbili na nusu. Ndoo moja kati ya tano itatufikisha, mwisho wa safari, kwenye asilimia 40 ya madini tuliyokuwa nayo. Moto ulizimika tulipofika 32. Hiyo ni kutembea ukingoni, na baridi ya mwakani ikija itatusukuma. Ndoo mbili zinatupa asilimia 80. Tumekubaliana mbili.

24 Agosti

Saa nne na robo. Mwali wa bluu, mfupi. Kipimo 0.3.

Babu amepata mtamba. Amekuja mwenyewe kuniambia, amevaa koti lake la kanisani, na ameniomba ile pakiti yake ya unga, maana sikuirudisha.

Nimeanza chupa mpya mbili pale kwenye maranda. Zina tope la sasa lenye afya, zinalishwa kwa uwiano wa ndoo moja kwa tano, na nitazibadilisha tope kidogo kidogo kila siku kama mtambo unavyofanya, mililita 6 zitoke na 6 ziingie. Nataka kujua zitadumu hadi lini kabla asidi haijaanza kupanda. Kama hesabu yangu iko sawa, sitaona chochote hadi Novemba. Nimebandika karatasi kwenye sanduku: msizimwage.